Mashine ya sukari imetutoa mbio usiku, hospitali wasema mama yuko sawa. Nifanyeje?

BintiKisauni:
Assalam aleikum jamani, naomba msaada kwa anayejua mambo haya. Mamangu ana sukari mwaka wa nane sasa, atumia vidonge tu hajafika kudunga sindano, na mimi ndiye humpima nyumbani kila asubuhi kabla hajanywa chai, huwa yacheza hapo kwa 6 na 7, ikizidi sana ni 9. Juzi Ijumaa baada ya isha akasema kichwa kizito, nikachukua mashine nikamdunga kidole ikaleta 24.8. Nikarudia kidole kile kile, 22.3. Hapo miguu iliniisha nguvu wallahi. Nikampigia kakangu alioko Changamwe, nikaita tuktuk, mama hata buibui hajaivaa sawasawa, njia nzima mpaka twavuka daraja la Nyali namsomea dua na kumbonyeza mkono asilale. Kufika emajensi wakampima na yao: 8.9. Wakatoa damu ya mkononi kupeleka maabara, 8.6. Tukakaa mpaka saa nane usiku twaambiwa hana kitu, presha pia iko sawa, mrudisheni nyumbani.

Linalonikosesha usingizi si pesa. Kabla hatujatoka nilikuwa nishashika kidonge chengine cha sukari mkononi nimuongeze, kakangu ndiye aliyenipigia kelele kwa simu nisithubutu. Na sasa mama hataki kupimwa kabisa, asema mashine yako yataka kuniua kwa hofu, kaitupe. Nimeinunua duka la dawa la mjini haijamaliza miezi mitano. Ni mbovu ama? Na ntajuaje siku ikisema kweli?

NesiWaLikoni:
Waleikum salaam dadangu, pole sana na mama mpe pole. Usiitupe bado. Niambie kwanza, kabla ya kumpima alikuwa akishika nini, na alinawa? Halafu stripu, vile vipande vya kutilia damu, mwaziweka wapi, na tarehe yake imeisha ama bado?

La mikono ndilo naanza nalo kwa sababu msimu wa maembe nayaona haya sana. Ile mashine yataka tone dogo mno la damu, sasa ngozi ikiwa na maji ya embe ama halwa, ile sukari yaingia kwenye tone na mashine haiwezi kujua hii ni ya damu na hii ni ya tunda, yahesabu yote. Na kupangusa na spiriti hakutoshi. Wajapani walijaribu hili, utafiti wao ulitoka 2011, watu wakamenya machungwa, zabibu na kiwi halafu wakapimwa, namba zikapanda vibaya hata kwa waliopangusa kidole kwa spiriti mara 5. Walioosha kwa maji ndio zikaja sawa. Kwa hivyo ni maji na sabuni, ukaushe vizuri kwa sababu maji yakibaki nayo yaizimua damu namba yashuka.

Na kurudia kidole kile kile bila kunawa, mpenzi, ni kuuliza swali lile lile kwa mtu yule yule.

BabaZuhura_Majengo:
Kwetu ilikuwa presha. Mke wangu mkono wake ni mnene mashallah, na ile mashine ilikuja na mkanda mdogo, kila tukipima yaleta 170 na kitu, mtoto wa watu akawa halali, hali, yuwalia tu kwamba atapooza kama marehemu mamake. Wiki mbili hizo. Kwenda kliniki daktari akauzungusha mkanda wetu akasema huu haumtoshi, mkanda ukibana mkono namba yapanda yenyewe. Akamvalisha mkubwa, 132 kwa 84. Akatwambia pia tulikuwa twampima vibaya, ametoka kupanda ngazi, yuwaongea, amepandisha mguu juu ya mguu, mkono waning'inia. Wataka akae kimya dakika 5 mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na mkojo asiwe ameubana. Nyumbani wahesabu imepanda ikiwa yaja 135 kwa 85 kwenda juu, tena kwa siku kadhaa, si mara moja.

BintiKisauni:
Subhanallah @NesiWaLikoni. Alikuwa yuwakata maembe mabichi na mabivu ya watoto, alijipangusa kwa leso tu nikamdunga. Na stripu... kile kikopo kilipotea kifuniko nikazitia kwa mfuko wa nailoni, zakaa juu ya friji jikoni. Ni mimi basi.

NesiWaLikoni:
Usijilaumu, hakuna aliyekuonyesha wakati wanakuuzia. Hizo stripu zitupe zote hata kama tarehe bado. Zina dawa ambayo yaharibika kwa joto na unyevu, na Mombasa hii unyevu waujua mwenyewe hata chumvi yaloa. Stripu ikiloa yaweza kupandisha ama kushusha, na hiyo ya kushusha ndiyo naiogopa zaidi kwa sababu mtu yuko juu kweli na mashine yamwambia lala.

Nunua kikopo kipya, kifunge kila ukitoa moja. Halafu siku ya kliniki beba mashine yako, mama apimwe na yenu na ya pale saa ile ile. Zikipishana kidogo msishtuke, hizi za nyumbani zimeruhusiwa kupishana na maabara mpaka asilimia 15 hivi. 24 kwa 8 si kupishana huko. Pia angalia kioo kimeandikwa mmol/L, ndicho kipimo cha hizo namba zenu, kuna mashine zaletwa kutoka nje zasoma mg/dL ambayo ni mara 18, yaani 6 yaja 108 na mtu azimia.

Lakini akiwa na kiu isiyokatika, akojoa kila saa, atapika, apumua haraka ama azubaa, mpeleke hata mashine ikisema 6. Na kidonge usimuongeze kwa namba moja, kakako alikuokoa.

Mpwa_wa_Bondeni:
Niongeze ya oksijeni. Shangazi alikuwa na kifua, tukamtia ile ya kubana kidole ikasoma 86, nyumba nzima kilio. Alikuwa ametoka harusini vidole vimejaa piko nyeusi, ile rangi ya urembo, mwanga wa mashine haupiti. Tukahamishia kidole kisicho na piko, 97. Na tujue pia wachunguzi wa Marekani 2020 walionyesha hizi zaweza kumpa mtu mweusi namba nzuri kuliko alivyo, kwa hivyo mtu akihema usikae kutazama kioo.

BintiKisauni:
Nimerudi kuwaambia. Leo tumeenda kliniki na mashine na kikopo kipya, mama amenawa kwa sabuni: yetu 7.4, yao 7.1. Yeye mwenyewe akamwambia nesi andika zote mbili nizione. Asubuhi amekubali nimpime ila yuataka kidole cha mkono wa kushoto, asema wa kulia ni wa kukatia maembe.