F3 msimu wa 2026: Bahrain Aprili, Silverstone Julai, au tubaki na F4 za hapa Ghuba?

MuttrahKwaMbele (mwanzisha mada)
Assalamu alaykum wanajukwaa. Nina jambo nataka niliamue kabla mwezi huu wa Novemba 2025 haujaisha, maana tiketi zikikaa zinapanda. Nataka kumpeleka mtoto msimu ujao akaone Formula 3 (F3), ngazi ya vijana wanaopanda kuelekea F1, kwa macho yake, si kwenye simu. Kalenda ya 2026 nimeiangalia: wanaanza Melbourne Machi, wanakuja Bahrain tarehe 10 hadi 12 Aprili, halafu kimya mpaka Monaco mwezi wa Juni. Silverstone, Uingereza, ni 3 hadi 5 Julai. Imola imetolewa, na Madrid ndiyo ya kufungia, Septemba. Melbourne na Madrid nishazifuta, ni mbali na mfuko. Kuna rafiki ananambia nisihangaike, Januari na Februari kuna F4 na Formula Regional, ngazi zilizo chini ya F3, Dubai na Yas Marina ya Abu Dhabi, nipande gari niende. Ipi bora?

KonaYaStowe
Wa alaykumu salaam. Bora kwa nani? Hujasema uko wapi, mko wangapi, mtoto ana miaka mingapi, una pasi ya nchi gani, na mfuko una kiasi gani. Hivi ulivyouliza ni kama kwenda sokoni kuuliza "samaki gani mzuri?" bila kusema unataka kukaanga au kupaka.

Fundi_wa_Gerezani
Mkuu, kwanza kwa nini F3? Wiki chache zijazo F2, ngazi iliyo juu ya F3, inafunga msimu wake Yas Marina, mlango wa pili tu hapo. Gari 22, injini ya turbo, kwenye mbio kuu lazima waingie pit, pale kwa mafundi kando ya njia, kubadilisha matairi. Hapo ndipo utaona kazi ya mafundi. F3 hakuna hata kubadilisha tairi, wanazunguka tu mpaka bendera. Na ile ya Jumamosi wanageuza kumi wa mwanzo wa kufuzu, aliyekuwa wa kumi anaanza mbele. Hiyo ni bahati nasibu, si mbio.

KonaYaStowe
Fundi, wanaogeuzwa kumi ni hao F2 wako. F3 ni kumi na wawili. Na hilo la kutoingia pit ndilo linaloipa raha: gari 30 zimeachiwa pamoja, hakuna wa kumpita mwenzake kwa kusubiri foleni ya mafundi. Ukitaka nafasi, ipiganie barabarani.

MuttrahKwaMbele
Niko Muscat. Mtoto ana miaka 13, anaendesha karti, vile vigari vidogo vya mbio, mwaka wa pili sasa. Bajeti ya wastani.

KonaYaStowe
"Wastani" si namba, sheikh.

BintiMvita
Ngoja niwape kisa changu, kirefu kidogo, mnisamehe. Mimi naishi Milton Keynes. Kutoka kwangu hadi Silverstone ni kama nusu saa barabara ikiwa tupu. Mwaka mmoja nilimpeleka mpwa wangu, naye hakutaka kusikia habari ya F1, alikuwa na dereva wake wa F3 anayemfuata tangu enzi za karti, amemwandikia na bango kabisa. Tiketi nikanunua kwa watu wanaouza tena, wakaniandikia ni ya wikendi nzima. Jumamosi tumefika langoni, mashine inakataa. Kijana wa getini akaiangalia akasema, dada, hii ni ya Jumapili tu. Mbio za kwanza zikapita hivyo. Tukarudi nyumbani, mtoto hasemi neno.

Jumapili nikasema leo hawatanipata. Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi na chupa ya chai. Kumbe nusu ya Uingereza nayo imetoka saa kumi na mbili. Mbio kuu za F3 pale huanza saa mbili na kitu asubuhi, jua halijapasha hata nyasi. Saa mbili na robo sisi bado tumo kwenye msururu wa magari. Tukaja kuelekezwa kwenye shamba lililogeuzwa egesho, tope mpaka kwenye kifundo cha mguu, halafu unatembea. Tunatembea tunasikia injini zinapita ng'ambo ya miti. Tunafika kwenye uzio pale kona ya Luffield, gari la mwisho linapita polepole, dereva anapunga mkono. Zimekwisha. Mtoto akakaa juu ya koti lake la mvua, bango limekunjwa mapajani, akalia. F1 ilianza saa tisa mchana, naye akalala usingizi mpaka mwisho.

Kwa hiyo nakwambia kaka, F3 ya Silverstone ni kama daku. Ukichelewa umekosa, adhana haikungojei. Kama utakuja, lala kwenye kambi ya mahema palepale, na tiketi nunua kwa wenyewe wenye saketi.

Fundi_wa_Gerezani
Daah, pole sana. Ila hilo kosa ni la waliokuuzia tiketi, si la F3.

BintiMvita
Wa tiketi waliniibia Jumamosi. Jumapili nilijiibia mwenyewe.

Mzee_wa_Naivasha
Nyinyi mnalipa pesa kuangalia gari ikizunguka kama ngamia wa kinu cha simsim? Kuja Safari Rally. Tangu WRC, mashindano ya dunia ya rally, irudi Kenya 2021, mimi sijakosa hata moja. Unasimama kando ya barabara, gari inapita na vumbi lake lote, twiga anaangalia pia. Hakuna mtu wa kukuuliza tiketi ya wikendi ama ya Jumapili.

KonaYaStowe
Mzee, heshima yako, lakini kwenye rally unaona gari sekunde nne halafu unangoja inayofuata. Tena mtoto anaendesha karti. Karti inaelekea F4, haiendi Naivasha.

Mzee_wa_Naivasha
Hizo sekunde nne nimezikumbuka maisha yangu yote. Wewe unakumbuka laps ngapi za mwaka jana?

KijanaWaKimironko
Wakubwa, mkisubiri kidogo F1 itakuja Kigali na hizo ndogo zitaifuata nyuma. Rais Kagame alitangaza rasmi Desemba 2024 kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio. Nilikuwepo mjini wiki ile FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, wanagawa zawadi zao hapa. Max Verstappen, dereva wa F1, naye alikuja kutumikia adhabu yake ya kutukana mbele ya wanahabari Singapore, wakamweka na vijana wetu wanaojifunza, na kigari cha cross-car kilichoundwa hapahapa. Adhabu kama hiyo hata mimi naitaka.

Fundi_wa_Gerezani
Kuomba na kupewa ni mambo mawili, dogo. Saketi iko wapi?

KijanaWaKimironko
Itajengwa. Hata bandari ya Dar ilikuwa pwani tupu siku moja.

Jirani_wa_AlQuoz
Turudi kwenye mada jamani. Mimi niko Dubai, hizo za baridi nazifuata kila mwaka, basi niseme mazuri na mabaya yake. Mazuri: F4 na Regional zinakimbia wikendi moja, kila moja mbio tatu. Kwa mtoto wa karti hiyo ni shule. F3 ya wikendi nzima ni mazoezi mara moja, kufuzu mara moja na mbio mbili, muda mwingine wote unaangalia wakubwa na maduka ya kofia. Dubai Autodrome unamwona dereva wa miaka 15 amekaa juu ya tairi anakula ndizi, anamsikiliza injinia wake. Silverstone huyo humwoni ila kwa darubini.

Na wanaopita hapa si wa mchezo. Antonelli alichukua ubingwa wa Regional ya hapa 2023, mwaka huu 2025 yuko Mercedes ya F1. F3 hakuigusa kabisa, alirukia F2. Freddie Slater alishinda F4 ya hapa 2024, ya Italia mwaka uleule, na mwaka huu Regional ya Ulaya. Mimi nilimwona kabla watu hawajamjua, hicho ndicho kiburi changu.

Mabaya: kwenye viti vya watazamaji mko ishirini na mnajuana. Skrini hakuna za maana, na kama hujui nani ni nani utapotea kufikia mzunguko wa tatu. Mtoto akitaka shamrashamra, hapa hazipo. Jambo jingine, 2026 Ramadhani inaingia katikati ya Februari, kwa hiyo lenga Januari au mwanzo wa Februari.

KonaYaStowe
Hapo umesema. Ila F4 gari lake ni dogo, nguvu za farasi haziendi mbali sana juu ya 170. F3 ni V6 ya lita 3.4, kama 380. Ule mlio unaingia kifuani. Na Bahrain lami yake inakula matairi, kwa hiyo utaona anayejua kuyatunza na anayechoma yote mizunguko mitano ya kwanza. Kaa karibu na kona ya kwanza au ya nne, wote wanakanyagia breki hapo.

Fundi_wa_Gerezani
Halafu msimu uliopita wa F3 Câmara alishachukua ubingwa Budapest, kwenye mbio za kufungia Monza watu wakaenda kama kwenye arobaini. Usinunue tiketi za mwisho wa msimu. Mwanzo ndiyo salama, wote bado wana matumaini.

MuttrahKwaMbele
Nawashukuru nyote. Kuna jambo sikuwaambia: mtoto ni binti. Na pasi yangu ni ya Oman, ila mama yake ana pasi ya Tanzania, naye kasema haachwi nyuma.

BintiMvita
Sasa hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo! Mashaallah kwa binti. Na mwonyeshe F1 Academy, ya wasichana watupu, wanatumia gari la F4. Abbi Pulling alichukua 2024.

Jirani_wa_AlQuoz
Na mwambie habari za Amna na Hamda Al Qubaisi, ndugu wawili wa Imarati. Walianzia karti kama yeye, wakapitia F4 ya hapa, wakafika F1 Academy. 

KonaYaStowe
Kwa pasi: wewe na binti, Imarati na Bahrain mnaingia kwa kitambulisho. Uingereza mnaomba ile ruhusa ya mtandaoni, kwa mwaka huu 2025 ni pauni 16 kwa kila mtu. Mama yake ndiye mwenye safari ndefu: Imarati ataombewa viza kabla hamjaondoka, na Uingereza ni viza kamili, fomu, taarifa za benki na alama za vidole. Kama ni Silverstone, anza mapema, usingoje Mei.

Mzee_wa_Naivasha
Kenya pasi ya Tanzania haina shida.

Fundi_wa_Gerezani
Mzee hakati tamaa.

MuttrahKwaMbele
Nimemuuliza binti mwenyewe jana usiku. Kasema anataka pale anapoweza kuona miguu ya dereva kwenye pedali. Sijui hata nimjibu nini, maana gari lenyewe limefunikwa. Mama yake naye kauliza kama karibu na saketi ya Bahrain kuna pa kupitia madukani. Nitaongea nao tena Ijumaa.

Jirani_wa_AlQuoz
Miguu haionekani popote. Ila Dubai akibahatika ataona gari limevuliwa pua, fundi ameinama ndani. Hapo ataona pedali.

KonaYaStowe
Na bajeti?

KijanaWaKimironko
Samahani naingilia. Nani kati yenu anajua pa kupata viatu vya karti namba 38 ambavyo si vya bei ya injini?