Kuhamia Gaeltacht na watoto: vipi Kiayalandi?

Habari zenu ndugu. Mwezi ujao nahamia An Cheathrú Rua, magharibi ya Galway huko Ayalandi. Ni Gaeltacht, yaani eneo ambalo Kiayalandi ndiyo lugha ya jamii. Nimepata kazi ya kutunza wazee. Wanangu wana miaka 8 na 12, na Kiingereza chenyewe bado kinawapiga chenga. Nasikia shule za huko ni Kiayalandi kitupu. Niombe wasamehewe somo hilo? Ile wizara ya Gaeltacht ndiyo ya kuiandikia?

—

Dada yangu, karibu sana. Mimi niko An Spidéal, Gaeltacht hiyo hiyo ya Galway, huu mwaka wa tisa.

Wizara usiisumbue kwa hilo. Kazi yake ni maendeleo ya vijijini, vikundi vya jamii na uhai wa lugha; hata zile fedha za kukarabati vijia vya mashambani ambavyo si vya halmashauri hutoka kwake. Msamaha wa Kiayalandi huombwa kwa mwalimu mkuu. Katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza, aliyesoma nje ya nchi akaandikishwa hapa akiwa na miaka 12 au zaidi anaweza kuupata. Huyo wa miaka 8, kwa kigezo cha umri, hapana.

Lakini pima jambo hili: Gaeltacht hata hesabu hufundishwa kwa Kiayalandi. Hata kama mkubwa angeondolewa somo moja, mengine angeyasikiaje? Nakusihi, waache wote wawili waingie. Jirani yangu hupokea wanafunzi kila kiangazi, wanaletwa kujifunza lugha, na wizara humlipa ruzuku kwa kila mmoja. Mwanangu alikuwa akila nao mezani pale. Siku moja dukani bibi mmoja akamuuliza, "Cén t-ainm atá ort?", yaani jina lako nani? Akataja jina lake papo hapo, mimi bado natafuta maana. Nilitoka pale machozi yananilenga.

Nawe jifunze salamu. Ukiambiwa "Dia dhuit", itikia "Dia is Muire dhuit". Ni kama shikamoo na marahaba, kunyamaza ni utovu wa adabu.

Mabango ya barabarani huko yana majina ya Kiayalandi peke yake, kwa hiyo usitafute Carraroe, lile jina la Kiingereza la An Cheathrú Rua. Shika Eircode ya nyumba yako, ile namba ya posta yenye herufi na tarakimu, jumla 7. Ndiyo itakayomleta fundi au gari la wagonjwa mlangoni. Na chooni, mlango wa wanawake umeandikwa Mná, wa wanaume Fir. Wageni wengi huona hiyo F wakadhani ni ya kike, kama "female" ya Kiingereza.

—

Ahsante mno kaka, umenitua mzigo. Je, barua ya serikali ikija kwa Kiayalandi?

—

Kwa kawaida huja na Kiingereza pia. Isipokuja, piga simu uombe.

Ukishapangiwa siku ya kuonana na mwalimu mkuu niambie. Jumatatu siendi kazini, nitakusindikiza.