Nampeleka mama Gulangyu, bustani ya Shuzhuang mtu wa magoti anaiweza?

Mtoto wa Tanga:
Habari zenu wadau. Mama yuko huku kwangu Guangzhou wiki ya pili sasa na maghorofa yameshamchosha, kila asubuhi ananiuliza bahari iko upande gani, maana ni mtu wa Pangani huyu. Nataka twende Xiamen kwa treni ya mwendokasi tuvuke kisiwa cha Gulangyu, nasikia kuna bustani ya zamani iko baharini kabisa inaitwa Shuzhuang. Shida ni magoti, ngazi nyingi hawezi. Alafu jamaa mmoja kaniambia ukiingia getini bahari huioni, ni ukuta tu, nikaishiwa nguvu. Mliofika naombeni ushauri.

Dada wa Xiamen:
Mlete mama kaka, usisite. Mimi nasoma hapa na kila mgeni wangu lazima nimpeleke pale. Huo ukuta ndo utamu wenyewe! Unaingia unaisikia bahari inapiga mawe ila huioni, unakata kona unapita kilango, mara hiyo hapo yote mbele yako. Aliyeijenga alikusudia, na upande huo wa chini jina lake kwa Kichina ni kuficha bahari. Hapo ndo pa mama sasa, lile Daraja la 44 linapindapinda juu ya mawe na maji, atapita taratibu na vibanda vya kupumzikia vipo. Upande wa kilimani kwenye mapango 12 asipande, njia ni nyembamba, ni kupanda na kushuka tu. Kiingilio nililipa yuan 30, na makumbusho ya piano yako humohumo ndani.

Bahari Kuu:
Cha kwanza angalia maji. Mimi nilifika maji yamekupwa nikaona mawe tu na madimbwi nikashangaa watu wanasifia nini, kesho yake nikarudi maji yamejaa, aisee, yanakuja mpaka chini ya miguu yako pale darajani. Na chini ya daraja kuna mlango wa maji, bahari inaingizwa mpaka kwenye mabwawa ya ndani ya bustani. Mtu wa Pangani hilo ataling'amua kabla hujamweleza.

Msomaji:
Mwambie na habari ya aliyeijenga. Lin Erjia, kwao walikuwa matajiri wakubwa Taiwan, Japani ilipoichukua Taiwan mwaka 1895 familia ikahama ikavuka bahari kuja huku. Nyumbani walikoacha, Banqiao, walikuwa na bustani yao, na yeye hakuisahau, ndo mwaka 1913 akaanza kujenga hii hapo Gulangyu, na daraja likaitwa 44 kwa umri aliokuwa nao lilipojengwa. Mimi niko mbali na kwetu miaka 6 na kila nikisimama pale nikiangalia maji namuelewa kabisa yule mzee.

Dada wa Xiamen:
Nimesahau la feri. Mchana sisi wageni hatupandi ile ya karibu ya Lundu, hiyo ni ya wenyeji, mnaenda gati ya Dongdu. Tiketi kateni mapema na pasipoti za wote wawili mshike mkononi, mimi niliwahi kuiacha hosteli nikarudi kuifuata huku wenzangu wanavuka. Kisiwani magari hakuna, ila kuna vigari vya umeme vinavyozunguka kandokando, mpandishe mama humo asitembee sana.

Mtoto wa Tanga:
Asanteni sana ndugu zangu, yaani sana. Nimeshakata treni ya Ijumaa. Nimemuonesha mama picha ya daraja, kaishika simu kaiangalia muda mrefu, alafu akaniuliza mwezi leo tarehe ngapi, akaanza kuhesabu vidoleni, ananiambia Jumamosi ni bamvua, maji makubwa, tuwahi.