Lahajedwali imenishushia kipeo: ×10⁹ imekuwa ×109 kwenye majibu ya wagonjwa

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Niko maabara ya hospitali. Majibu ya vipimo tunayaingiza kwenye lahajedwali, kisha ukurasa wa pili unayavuta na kuyapanga tayari kwa kuprinti na kupeleka wodini. Jumatatu asubuhi simu ikalia, daktari wa wodi: "Dada, kreatinini ya kitanda cha sita ni milimoli 92 kweli?" Nikamwambia haiwezekani, hizo ni maikromoli (kreatinini ni kipimo cha figo). Akanisomea herufi moja moja: m, m, o, l. Nikaenda mwenyewe. Ni kweli, imeandikwa 92 mmol/L. Mistari ya juu yake, chembe nyeupe za damu 6.4 ×109/L, nyekundu 4.8 ×1012/L. Karatasi thelathini na kitu, zote hivyo hivyo, na nyingine zilishawekwa kwenye mafaili ya wagonjwa.

Milimoli moja ni maikromoli 1000! Hakuna binadamu mwenye kreatinini ya namna hiyo, na ndiyo maana daktari alishtuka. Ingekuwa ni dozi ya dawa, maikrogramu ikasomeka miligramu, nani angeshtuka?

Nimekaa na lile faili hadi jioni. Aliyelitengeneza kabla yangu aliandika m ya kawaida, akaibadilisha fonti kuwa Symbol, na fonti hiyo huichora m kama µ, alama ya maikro. Kwenye skrini unaona µ safi kabisa, kumbe ndani ya kisanduku mna m. Ile 9 ya kipeo nayo ni 9 ya kawaida tu iliyopandishwa juu kwa umbizo. Ukurasa wa kuprinti una fomula =B4&" "&C4, na fomula hubeba herufi zenyewe, haibebi fonti wala upandishaji. Basi m ikarudi kuwa m, 9 ikashuka ikakaa sambamba na 10.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Programu inakubali uipandishe 9, inakuonyesha imepanda, unaamini kazi imekwisha, halafu fomula ikiigusa inaishusha bila onyo lolote. Lakini ukisahau mabano kwenye fomula inakupigia kelele papo hapo. Na hata kuipandisha kwenyewe ni mateso. Kwenye programu ya kuandikia barua ni Ctrl+Shift+= basi. Kwenye lahajedwali ubonyeze F2, uichague 9 peke yake, Ctrl+1, uweke tiki, OK, na kisanduku kinachofuata uanze upya. Kisanduku kikiwa na namba tupu, ukibonyeza Enter kila kitu kinarudi chini.

Walionikera zaidi ni wenzangu. "Si inaeleweka tu, madaktari wanajua." Huyu wa Jumatatu alijua. Saa nane usiku anayesoma karatasi hiyo ni intern, daktari aliye mafunzoni, ambaye hajalala tangu jana yake. Kipeo na µ ni sehemu ya jibu kama namba yenyewe, na mimi ndiye ninayesaini.

Nimebadilisha hivi. Nimefuta Symbol yote nikaweka µ halisi, Alt+0181. ¹ ni Alt+0185, ² ni Alt+0178. ⁹ haimo kwenye kundi hilo, niliitoa kwa =UNICHAR(8313) nikaikopi na kuipesti kama thamani. Kwa chembe za damu nimeacha kabisa kuunganisha maneno: kisanduku kina 6.4 tupu, na kwenye Ctrl+1 nimeweka umbizo maalumu 0.0" ×10⁹/L". Namba inabaki namba, inajumlishika, na kipimo kinaonekana. Ukurasa wa kuprinti una =B4 peke yake na umbizo hilo hilo.

Nikadhani nimemaliza. Ijumaa nikatuma CSV (faili la maandishi matupu) kitengo cha takwimu, wakapiga picha ya skrini yao: Âµmol/L kila mstari. Mimi nimehifadhi kwa UTF-8, mfumo mpya wa herufi, programu yao inasoma kwa mfumo wa zamani wa herufi. Kwa hiyo nikirekebisha huku, inaharibika kule.

Najua kuna watakaosema andika umol/L na 10^9/L. Nakubali, ni afadhali mara mia, maana u haisomeki kama mili na 10^9 haiwi 109. Kwenye CSV nimeshahamia huko. Lakini karatasi ya mgonjwa naitaka iandikwe inavyotakiwa.

Sasa laptop tuliyoletewa haina namba za pembeni, Alt+0181 haikubali. Nimetenga ukurasa mmoja wenye µ, ⁹, ¹² na ± ili wenzangu wakopi kutoka hapo, na tayari kuna mmoja amerudia kuandika m kwa Symbol. Mwenye njia ya kuzuia fonti hiyo isitumike kwenye faili zima, naomba aiweke hapa. Zamu yangu inaanza saa mbili asubuhi.