Kurudia notsi, kujitesti, kadi au "nyumba ya kichwani": ipi inabaki mpaka siku ya mtihani?

usiku_wa_notsi: Wakuu habari zenu. Nina mtihani wiki sita zijazo, kemia, baiolojia na hesabu, nataka nichague njia moja nitulie nayo maana kila mtu ana yake. Kuna (a) kurudia rudia notsi na kupaka hailaita, (b) kufunika daftari na kujitesti, (c) kadi za Leitner, zile za swali mbele jibu nyuma unazozipanga kwenye visanduku, (d) ile ya kujenga nyumba kichwani unaweka vitu kila kona. Mimi nipo (a) na naona inakubali, nikisoma mara ya tatu kila kitu kinateleza tu. Mnasemaje?

Chaki Nyeupe: Hapo kwenye "kinateleza" ndo kwenye mtego. Kinateleza kwasababu macho yameshaizoea karatasi, sio kwamba kichwa kinaweza kukitoa chenyewe. Watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walipima hili 2006, kundi moja likasoma kifungu likarudia kukisoma, lingine likasoma halafu likaandika linachokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5 warudiaji waliongoza, ila baada ya siku 2, na baada ya wiki, waliojitesti wakawaacha mbali.

BintiHesabu: Naunga mkono, ila kujitesti kwenyewe watu wanafanya kihuni, mtu anajiuliza swali, sekunde mbili tu kachungulia, "aah hili nilikuwa nalijua". Hulijui. Chukua karatasi tupu andika mpaka ukwame, ukikwama usikimbilie daftari, sota hapo kidogo, ndo ufungue ujazie kwa kalamu ya rangi nyingine. Kila penye rangi hiyo ndo pa kuanzia kesho.

mzee_kadi: (b) na (c) hazishindani wakuu, kadi ni kujitesti kwa mpangilio tu. Mbele swali nyuma jibu, visanduku vitatu: cha kwanza kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Ukipata kadi inapanda, ukikosa inarudi cha kwanza hata kama ilishafika juu, haina huruma. Mwanasaikolojia Ebbinghaus alishaonyesha 1885 kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni halafu spidi inapungua, ndo maana marudio ya kwanza yasicheleweshwe. Programu kama Anki zinakupangia zenyewe, ila usipakue kadi elfu za watu, andika zako, kadi moja kitu kimoja.

Popo: Mbona nyumba mnaipita kimya kimya? Elementi 20 za kwanza nimezipanga humo, mlangoni puto la haidrojeni linawaka moto, kwenye kochi jamaa kavuta heliamu anaongea kisauti chembamba, mezani betri ya lithiamu inafuka moshi. Hazitoki! Wagiriki na Warumi wa kale walikariri hotuba ndefu kwa njia hii.

BintiHesabu: Popo sawa, sasa niambie kwanini lithiamu na sodiamu zina tabia zinazofanana. Kochi halikujibu hilo, lazima uelewe kwamba zote zina elektroni moja tu ganda la nje. Kwa orodha zenye mfuatano nyumba iko vizuri sana, kwa maelezo hapana. Na hesabu hata kadi mimi sizitaki, fanya maswali, tena changanya mada, maana ukipiga maswali 20 ya logi (logarithimu) mfululizo kuanzia la tano hufikirii tena njia ipi itumike, unajua tu ni logi, na kwenye mtihani hakuna atakayekuandikia pembeni "hili la logi".

usiku_wa_notsi: Duh. Na kukesha je? Jina langu mnaliona 😅

Chaki Nyeupe: Lala mkuu, yale uliyosoma mchana ubongo unayakaza ukiwa usingizini. Mada moja uiguse lisaa Jumatatu, lisaa Alhamisi, lisaa wiki inayofuata, inashinda masaa matatu ya mkupuo. Mtafiti Dunlosky na wenzake 2013 walipitia mbinu 10 za kusoma, kujitesti na kuachanisha marudio ndo pekee zilizopata daraja la juu, hailaita na kurudia kusoma wakaziweka chini.

usiku_wa_notsi: Basi baiolojia naanza kadi, hesabu nachanganya mada, kemia karatasi tupu. Popo naazima nyumba kwa elementi tu.

mzee_kadi: Kadi mpya 15 kwa siku zinatosha, ukizidisha wiki ya pili marudio yatakufukia.