Naomba ushauri: kufundisha herufi kwa mchezo wa maji, darasa la awali

Mwl_Sakina
Wakuu, habari za leo. Nina darasa la awali hapa Arusha, watoto 26 wa miaka minne na mitano. Vifaa nilivyonavyo ni mabeseni matatu ya kufulia, vizibo vya chupa ndogo za maji vilivyoandikwa herufi kwa maka peni, vijiko na chujio za chai. Mtoto anavua kizibo, anataja herufi. Shida ni hizi: wino unafutika haraka, mchezo unageuka kurushiana maji, na cha ajabu, d na p, n na u zinawachanganya kwenye beseni kuliko ubaoni. Nipangeje hili zoezi? Na kwenye usalama niangalie nini?

MamaAwali_Rau
Pole na kazi, mwalimu. Nianze na hilo la d na p maana ndilo zito.

Kizibo kinachoelea kinazunguka, na watoto wamelizunguka beseni, kila mmoja na upande wake. Huyu anaona d, aliyemkabili anaona p, na wote wanasema kweli. Vivyo hivyo n inageuka u, b inageuka q. Ubao una juu na chini, maji hayana. Kwa hiyo weka sheria moja: herufi haisomwi ikiwa majini. Chora mstari mwekundu chini ya kila herufi. Mtoto akivua, anaweka kizibo kwenye taulo mbele yake, mstari ukielekea tumboni kwake, ndipo anataja. Siku za mwanzo zoezi liwe hilo la kugeuza tu, hata herufi usiulize. Halafu usiweke d na p kwenye beseni moja hadi ya kwanza iwe imekaa kichwani. Zipishane wiki mbili tatu.

Wino unafutika kwa sababu plastiki ya vizibo ina utelezi kama nta, wino hauna pa kushika. Kwaruza uso wa kizibo kwa msasa namba 120, andika kwa rangi ya mafuta ukitumia ncha ya kijiti, acha ikauke siku mbili. Tumia herufi ndogo, si kubwa, kwa kuwa ndizo atakazokutana nazo kwenye maandishi mengi.

Ila hivyo vizibo vya chupa ndogo viache. Chukua bomba la karatasi lililo katikati ya tishu ya chooni: kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto. Watoto wako wamevuka umri wa hatari kubwa, lakini wa miaka minne bado wanatia vitu mdomoni, na wadogo zao hawakosekani getini. Tafuta vifuniko vya madumu, vile vya sentimita 5 na zaidi. Nenda Kilombero au soko lolote penye wauza madumu. Vya plastiki vinaelea hata vikijaa maji. Vya bati vinazama, vina kingo kali na vinashika kutu.

Kaka_Kijenge
Mnahangaika bure. Waimbieni a-be-che, ndani ya mwezi wanajua zote.

MamaAwali_Rau
Kaka, wimbo unampa mtoto majina na mpangilio, haumpi sauti. Aliyefundishwa "emu" na "a" ukimwambia aunganishe atakwambia "emua". Anatakiwa apate "ma". Kwenye beseni tunataja sauti: mmm, sss, lll. Ndiyo maana mwalimu unashauriwa kuanza na irabu a, i, u, halafu m na s ambazo sauti yake inavutika. k, t, b hazivutiki. Sauti inakatika hapohapo, na mwalimu anajikuta anasema "ka" akidhani amesema k. Zitamke fupi, bila irabu nyuma.

Ukishakuwa na a, i, u, m, k, t, tayari una mama, mimi, kuku, kaka, mti, kiti, tatu. Hapo vua vifuniko viwili viwili, upate silabi. Na usihangaike kutengeneza q na x kwa Kiswahili. c usiiweke peke yake. Andika ch kwenye kifuniko kimoja, kwani ni sauti moja.

Msasa_na_Chaki
Nakubaliana na Mama, naongeza lililobaki. Beseni linafaa kutafuta na kusikia. Halifundishi umbo la herufi, kwa sababu mkono wa mtoto unashika chujio, hauchori. Umbo lifanyie ukutani na kwenye kibao.

Ukutani: chagua ukuta wa saruji usiopakwa rangi. Wenye rangi ya mafuta maji yanateleza na kushuka, hakuna kinachoonekana. Brashi ya rangi ya inchi 1, kopo lenye maji theluthi, herufi iwe na urefu wa shubiri ya mtu mzima. Mtoto anasema sauti huku anachora. Brashi ikaushwe kidogo kwenye mdomo wa kopo, vinginevyo maji yanatiririka na i inageuka mchirizi hadi chini.

Kwenye kibao: mwalimu andika herufi kwa chaki. Kata sponji ya vyombo vipande vya sentimita moja na nusu, vidogo makusudi, ili mtoto alazimike kushika kwa vidole vitatu kama penseli. Aloweshe, akamue, afute chaki akifuata njia uliyopita wewe. Kisha apite tena kwa kitambaa kikavu, mwisho aandike mwenyewe kwa chaki. Sponji ikiwa na maji mengi inafuta ubao wote na njia inapotea.

Angalia mwanzo wa mkono: d inaanza na duara kama a, halafu inapanda juu na kushuka. b inaanza na mti kutoka juu, duara linafuata. Watoto wakizoea mianzo hiyo, mkono unazitenganisha hata macho yakisita.

NdalaZaZamani
Herufi zilizokatwa kwenye ndala kuukuu za sponji zinaelea vizuri na zikilowa zinang'ang'ania vigae na kioo. Lakini mwalimu, herufi iliyokatwa umbo lake ina balaa kuliko kizibo: ikipinduka, b ni d. Paka rangi uso mmoja tu. Matundu ya a na e toboa kwanza kabla ya kukata nje, ukianza nje zinachanika. Na unene punguza, soli nzima inakataa wembe.

Mwl_Sakina
Asanteni sana, la kugeuza sikuwa nimelifikiria kabisa. Mama, je, kurushiana maji? Na watoto 26 kwa mabeseni matatu nitawagawaje? Maji yenyewe huku ni ya mgao.

MamaAwali_Rau
Wanne kwa beseni, basi. Hao ni 12. Saba wako ukutani na brashi, saba kwenye mkeka na vibao alivyovitaja Msasa_na_Chaki. Dakika 10, unapiga makofi, makundi yanahama, ukihakikisha kila mtoto amefika kwenye beseni. Zaidi ya hapo kwenye beseni mchezo umeisha, vita vinaanza.

Maji yasizidi sentimita 5. Kwa beseni la kufulia lita 6 hadi 8 zinatosha. Kurusha kunatokana na maji mengi na kazi isiyoeleweka. Mpe kila mtoto kopo lake na idadi: "nitafutie m moja". Weka m tano katikati ya vifuniko 12 hivi, kwani vikiwa vingi wanachota tu bila kutazama. Wape dakika mbili za kuchezea maji watakavyo kabla ya kazi, hamu ipungue.

Lakini hata sentimita 5 zinaweza kumzamisha mtoto mdogo, kwa hiyo mtu mzima habanduki pale, hata kwa simu. Ndoo ya lita 20 ya akiba iwe na kifuniko na ikae mbali. Mtoto akitumbukia kichwa mbele hawezi kujitoa. Wape maji ya kunywa kabla, wenye kiu hunywa ya beseni. Mwenye macho mekundu, kuhara au kidonda kibichi afanye kazi ya chaki siku hiyo.

Mkimaliza, maji yaende kwenye maua au migomba, mabeseni yapinduliwe chini. Yasilale hadi kesho, mbu hawachelewi. Vifuniko vioshwe kwa sabuni, visuuzwe, kisha viloweke dakika 10 kwenye Jiki: kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji kama chupa imeandikwa asilimia 3.5. Suuza tena, anika.

Msasa_na_Chaki
Juni na Julai sogeza zoezi hadi saa tano, jua likishapanda, na uchanganye maji ya moto kidogo kabla watoto hawajasogea. Asubuhi ya Arusha vidole vinakufa ganzi na hakuna atakayeshika sponji. Ukutani nako herufi zitachelewa kukauka, hivyo wagawie sehemu kwa chaki, kila mmoja na mraba wake.