Nimenyimwa kazi ya nembo kisa sina Mac (kompyuta ya Apple), wakuu hii ni haki kweli?

Mchoraji_Sinza:
Wakuu habarini za jioni. Mimi ni grafiki dizaina, napatikana Sinza, mwaka wa 6 huu niko kwenye hizi kazi. Natumia laptop ya ThinkPad T480 ya mtumba niliyoichukua Kariakoo, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16, SSD (diski ya kuhifadhi mafaili) nimebadilisha mwenyewe, na haijawahi kuniangusha hata siku moja.

Juzi nikaitwa na mteja Masaki, anafungua mgahawa anataka nembo na menyu. Bei tulishakubaliana kwenye simu, sampuli zangu alishaziona na akazipenda mwenyewe. Nimefika nimekaa nimetoa laptop nimuonyeshe rasimu 3, yaani kabla hata haijawaka akaiangalia ile kona iliyochubuka akauliza "kaka, kwani wewe hutumii Mac?" Nikamwambia hapana dada hii inanitosha. Akasema sawa. Ila kuanzia pale hakuangalia tena kioo, macho yote kwenye simu yake. Kesho yake meseji, wamepata mtu mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni hiki, aliyepewa kazi ni kijana tunayechangia nae ofisi Kijitonyama, ana MacBook, na jana kaja mezani kwangu ananiomba nimchoree ileile nembo tugawane hela nusu kwa nusu.

Sasa nina milioni 1 na laki 6 kwenye kikoba, ni hela ya kodi ya miezi 6. Nivunje nikanunue Mac used au nikomae? Naombeni ushauri wa kweli.

mac_tangu2013:
Pole sana mkuu, alichokufanyia huyo mteja sio ustaarabu. Lakini mimi ni mtu wa Mac toka mwaka 2013 na naomba nieleweke, sio wote tunaringa. Nilivyopata MacBook Air yenye chipu ya M1 ya Apple wenyewe, ile iliyotoka mwisho wa 2020, siku moja umeme umekatika saa 4 asubuhi nimeedit video mpaka saa 11 jioni bila chaji, na haina feni kabisa ndani kwaiyo hata kelele hamna. Kwa jiji letu hili na joto hili hiyo kwangu ni sababu tosha, hata wangefuta lile tunda kwenye mfuniko ningeinunua tena.

Alafu tuseme ukweli, na nyie wa ThinkPad mna maringo yenu. Nimeshakaa na jamaa wa ThinkPad wanaotumia mfumo wa Linux badala ya Windows pale Mlimani wanakuita mtoto kisa hujui kuandika amri kwenye ule ukurasa mweusi. Nilikua naogopa hata kuuliza swali. Dharau ni dharau tu hata ikitoka kwa mwenye laptop ya laki 4.

Fundi_Aggrey:
Mchoraji, USIVUNJE KIKOBA. Nafungua laptop za watu kila siku hapa Aggrey nakuambia nilichokiona na macho yangu. Kuna kampuni ya Taiwan inaitwa Quanta, imeunganisha MacBook na hao hao wameunganisha laptop za HP na Dell. Wengi wanaokuja hapa wakitukana mashine ya mwenzao hawajui hilo. Sikatai chipu ya M1 ni nzuri, jamaa hapo juu yuko sahihi kwenye chaji. Ila T480 yako ina sloti 2 za RAM, ina betri ya nje unachomoa na nyingine ndani, kikifa kitu unakuja nabadilisha unaondoka nayo. Hiyo Air RAM iko pamoja na chipu na SSD imechomelewa kwenye mazabodi, ukinunua ya RAM GB 8 utakufa na 8.

Na kitu kikubwa kwa hizi used zinazoingia kutoka nje, LOCK. Wiki iliyopita kaja dada analia kabisa, kanunua MacBook kwa mtu wa mkononi, siku 2 za kwanza ilikua inafanya kazi vizuri, akasema aifute aanze upya, ile inawaka tu inadai akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. Sikuwa na cha kumsaidia, nilimrudishia kwenye mfuko wake. Nyingine zilikua za makampuni huko nje, ukiifuta tu ukaiunganisha na intaneti inaleta jina la kampuni na inataka isimamiwe na wao. Kwaiyo mtu yeyote anayetaka kununua, ifutwe yote mbele yako, washa hotspot ya simu yako, fuata hatua mpaka ufike kwenye desktop, ndo utoe hela. Muuzaji akianza kusema ana haraka ondoka.

DadaWaPleti:
Mdogo wangu nimesoma nimeumia. Mimi niko kwenye uchapaji miaka 19, mashine zetu ziko Gerezani. Hii imani kwamba dizaina lazima awe na Mac ina mzizi wake wala haikutoka hewani. Chukua programu za kupanga kurasa, kuchora na kuhariri picha: PageMaker ilianza kwenye Mac mwaka 1985, Illustrator 1987 Mac, Photoshop imetoka 1990 ikiwa ya Mac peke yake, watu wa Windows wakasubiri miaka kadhaa. Kwaiyo enzi zile ukitaka kazi nzuri ya kuchapa kweli ulihitaji Mac. Lakini hiyo ni miaka zaidi ya 30 iliyopita, programu ni zilezile pande zote, watu wamebaki na mazoea.

Mimi faili likinifikia siulizi limetoka mashine gani. Naangalia rangi ziko CMYK (rangi za wino wa kuchapia) au mtu kaacha RGB (rangi za kwenye kioo), naangalia kama kaacha milimita 3 za kukata pembeni, naangalia kama fonti zimegeuzwa kuwa maumbo. Mwezi uliopita nimepokea kalenda kutoka kwa ofisi yenye Mac tupu, bluu yote ikatoka zambarau kwenye karatasi, tumerudia kazi na hasara juu. Na kuna kijana wa Mbagala anatumia desktop ya zamani kweli, faili zake sijawahi kuzirudisha.

kipanya_chekundu:
Watu wanapenda kusema haya mambo ni kama Simba na Yanga, mimi sikubali, shabiki wa Simba hakunyimi tenda kisa umevaa kijani, mnataniana mnakula pamoja. Hii ya kompyuta imegusa riziki ya mtu. Na ni ya zamani, mwaka 1997 Boston, Apple ilikua hoi kifedha, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, akatangaza Microsoft inaweka dola milioni 150, sura ya Bill Gates wa Microsoft ikatokea kwenye kioo kikubwa na ukumbi ukamzomea. Mtu kaleta hela ya kuwaokoa anazomewa! Jobs mwenyewe aliwaambia waache kufikiri kwamba ili Apple ishinde lazima Microsoft ishindwe. Wenye kampuni walishapatana, sisi huku tunanyimana ugali.

Mchoraji_Sinza:
Nawashukuru wote, mac_tangu2013 na wewe nimekuelewa, nikiwa na hela yangu isiyo ya kodi nitakutafuta. Kikoba sigusi. Dada wa pleti nitaomba nilete faili zangu uzikague hata kwa kulipia.

Yule kijana nimemjibu leo mchana. Nembo namchorea, ila siku ya kwenda Masaki tunaenda wote, na itafunguliwa kwenye T480. Amenyamaza kama dakika nzima, mwisho akakubali. Tunaenda Alhamisi.